Wiki ya Mbalamwezi Kibirizi

Rusimbi, Kigoma
Jumapili, baada ya ibada

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na mama pia shikamoo, maana najua ameketi hapo karibu anakuhimiza usome kwa sauti. Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Dada Tusajigwe ameniandikia kwamba bado unakwenda shuleni kila asubuhi kuangalia kipimamvua, ingawa umestaafu na mwalimu mkuu mpya hajui akufukuze au akupe chai. Nimecheka, kisha nikajisikia vibaya kidogo, kwa sababu utakayoiona. Mimi ni mzima. Joto la huku nimelizoea, dagaa wamenizoea wao, ila ndizi za Tukuyu sijapata mbadala wake.

Katika barua yako uliuliza kama chuo kimenileta Kigoma kunifundisha au kuniadhibu. Sikukueleza vizuri nilipoaga. Mkuu wa idara yetu alikuwa ameniita ofisini akasema wanafunzi wananipenda, lakini mhadhiri msaidizi asiyefanya utafiti ni mwalimu tu. Hilo neno "tu" lilinichoma kwa ajili yako. Nilitaka kumjibu, lakini akaendelea kusema mkataba wangu hautaongezwa mpaka nilete ripoti ya utafiti nilioufanya kwa miguu yangu mwenyewe. Basi nikameza maneno nikapanda treni.

Nilichagua biashara ya dagaa ya akina mama wa Kibirizi, mwalo ulio karibu na mji, mitumbwi inakoshusha samaki. Tangu vita ya ng'ambo iwavushe watu ziwa, wengi wako makambini, lakini wachache wanaishi mjini kwa ndugu zao, wakiwa na vibali. Baadhi ya wanawake wao wanaanika dagaa pale pamoja na wenyeji. Nilitaka kujua biashara imebadilikaje tangu waje. Nilikuwa na dodoso la maswali arobaini, Baba, limepigwa chapa vizuri, na nililibeba kifuani kama mtoto mchanga.

Nikakaa mwaloni siku saba, Jumatatu hadi Jumapili. Niliyoyakuta yalinisikitisha. Mitumbwi imepinduliwa mchangani, vichanja vitupu, wanawake wanasukana nywele. Nikiuliza kama kuna samaki, wananijibu hakuna. Nikiuliza kwa nini samaki wamepungua, mmoja anainua mabega, mwingine anasema labda watu wamekuwa wengi. Hilo la pili nililishika kwa mikono miwili. Nikaandika ripoti yangu fupi kwamba biashara ya dagaa imeanguka tangu wakimbizi waje. Nakala moja nikaituma chuoni. Nyingine aliiomba bwana mmoja wa ofisi fulani hapa mjini, nami nikampa kwa furaha, maana ilikuwa mara yangu ya kwanza kuombwa maandishi yangu na mtu mwenye tai.

Siku chache baadaye alikuja nyumbani Mama Yoranda. Huyu ni mkimbizi, mjane mwenye watoto wanne, anaanika dagaa kwenye kichanja kinachopakana na cha Bi. Zuhura, mama wa Kiujiji niliyepanga chumba kwake. Hakuja kwangu, alikuja kwa Bi. Zuhura kuaga. Ameambiwa kuna kikao baada ya wiki sita, na wote waliovuka ziwa wataondolewa mwaloni, kwa sababu kuna karatasi ya msomi inayosema wao ndio wamemaliza samaki. Alikuwa hajui msomi mwenyewe ndiye mimi niliyemkaribisha kiti.

Bi. Zuhura alinigeukia akaniuliza nilikaa Kibirizi siku zipi. Nikamtajia. Alicheka, Baba, mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka ghafla.

"Mwalimu, hiyo ilikuwa wiki ya mbalamwezi," akasema. "Dagaa wanafuata taa ya karabai gizani. Mwezi ukiwaka ziwa zima, taa ina kazi gani? Wavuvi wanapumzika. Umekwenda shambani siku ya mapumziko ukaandika wakulima wamekufa."

Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Akasema kila mtoto wa Ujiji anajua, nani angedhani mtu wa chuo hajui, na zaidi ya hapo sikuuliza kama mitumbwi ilikwenda ziwani. Maswali arobaini, na hilo halikuwamo.

Nilijifungia chumbani nikalia kwa aibu. Niliyemwona mbele ya macho yangu ni wewe. Mimi niliyepewa daftari la mvua nikiwa darasa la nne, nikaandika kila asubuhi mwaka mzima, na siku za jua kali ukanilazimisha kwenda vilevile na kuandika sifuri. Nilikulalamikia kwamba sifuri si kitu, unanichosha bure. Sasa nimepewa siku saba za sifuri nikaziita mwaka.

Kesho yake nilimweleza Mama Yoranda kwamba karatasi ile ni yangu. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliuliza tu kama aliyeandika anaweza kufuta.

Nilikwenda kwa yule bwana mwenye tai. Akasema karatasi imeshaingia kwenye shughuli za kikao, na kwamba mhadhiri akianza kujikana nani atamwamini tena. Swali lake lilinitia hofu kweli, kwa sababu mkataba wangu nao ulikuwa ndani yake. Hata hivyo niliandika chuoni siku ileile kwamba ripoti ya kwanza isitumike, nimekosea, naanza upya. Barua nikaipeleka posta mwenyewe.

Kisha nikarudi mwaloni, safari hii bila dodoso. Nilikaa mwezi mzima wa angani, tangu siku za giza mpaka siku za giza tena, asubuhi ishirini na tisa. Mitumbwi ikifika nahesabu vikapu. Mchana nawasaidia kugeuza dagaa, maana mwenye mikono mitupu pale hasemeshwi. Nimejifunza kusubiri mtu amalize habari zake kabla sijauliza zangu. Nimejua kwamba siku za giza samaki wanafika wengi kuliko mikono iliyopo, na kwamba Bi. Zuhura na wenzake wanawaita hao waliovuka ziwa waje wawasaidie, la sivyo dagaa wangeoza kabla jua halijawapata. Kama samaki walikuwa wengi zaidi miaka ya nyuma, sikuweza kujua, kwa kuwa hakuna aliyewahesabu. Nimeandika hivyohivyo, kwamba hilo silijui. Ndiyo sentensi ninayojivunia kuliko zote nilizowahi kuandika.

Kikao kikafika. Nilisimama nikasoma ripoti ya kwanza, nikaeleza ilipokosea, kisha nikasoma ya pili. Wazee wawili waliowahi kuvua walikuwa wanatabasamu tangu niliposema neno mbalamwezi. Yule bwana mwenye tai aliniuliza kwa kejeli wamwamini Atupele yupi. Nikamjibu wamwamini aliyekaa siku nyingi zaidi. Wajumbe wakajadiliana mpaka mchana, wakaamua wanawake wenye vibali wabaki mwaloni.

Mama Yoranda alikuwa nje mlangoni. Alitaka kuona alipo katika ripoti. Nilimweleza kwamba sikuandika majina ya watu, kwa usalama wao, nikamwonyesha palipoandikwa mwanamke namba saba. Akaweka kidole juu ya ile saba, akakiacha hapo.

"Urakoze, mwalimu," akanishukuru kwa Kirundi chake. "Saba amebaki."

Ripoti ya pili niliituma chuoni pia, na juzi mkuu wa idara amejibu. Mkataba umeongezwa, na anataka niwaeleze wahadhiri wapya kosa langu, lote, bila kulipamba. Mwishoni ameuliza nani alinifundisha kuhesabu kila siku. Nimemwandikia kwamba ni mwalimu tu, wa shule ya msingi, Tukuyu. Nilifurahi mno kuliandika lile "tu", Baba.

Nisalimie mama, nimemfungia dagaa wa Mama Yoranda, waoshwe mara mbili. Msalimie dada Tusajigwe na cherehani yake, mjomba Anangisye anayekukamulia ng'ombe, na shangazi yule wa kwaya anayeniombea mume wakati mimi naomba karatasi za kuandikia. Mwambie aendelee, nami naendelea.

Mwezi umejaa tena tangu Ijumaa, na mwaloni hakuna hata mtumbwi mmoja ulioingia ziwani. Asubuhi hii kabla ya ibada nilikwenda vilevile, nikafungua daftari, nikaandika sifuri.

Binti yako na mwanafunzi wako,
Atupele