Kisima Ulichokiweka kwenye Ramani

Kaka yangu uliye Nairobi,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu nikikuandikia faraghani hujibu. Mbele ya watu una adabu sana.

Unakikumbuka kisima cha nyuma ya shule, huku ndani ya Maungu? Tulikuwa tukienda pamoja baada ya masomo. Mimi nilikuwa mwepesi mno, siwezi kuushusha mpini wa pampu, basi ulikuwa ukininyanyua nikaning'inia juu yake, maji yakitoka tunacheka. Mtungi ulinibebea wewe, halafu karibu na nyumbani unanitwika ili mama asijue. Nilikupenda kuliko mtu yeyote. Nalisema hilo mapema usije ukadhani nakuonea wivu.

Mwaka huu mvua imetutupa. Gari la maji ya msaada linazunguka vijijini, na dereva anafuata ramani ya simu, ile mnayoijaza nyinyi watu wa kujitolea. Lilipofika kwetu, mimi na mama tulikuwa tumeshapanga mitungi kando ya barabara. Dereva hakuzima hata injini.

"Mama, hapa kwenu iko maji," alisema, akitugeuzia simu. "Ona hii alama ya buluu. Mimi natumwa kule hakuna."

Nikaangalia. Kisima chetu, buluu, kinafanya kazi, na chini yake jina lako na nyota zako za kuaminika.

Kisima hicho kilikauka ukiwa chuoni. Mpini uliibwa ukauzwa kama chuma chakavu. Wewe ulikaa kwenye kiti huko, ukakumbuka utoto wako, ukabonyeza. Kumbukumbu zako ni tamu, kaka, lakini hazinyweki.

Na si wewe peke yako. Ramani inasema watu wanane wamethibitisha. Nikawatafuta: ni wenzako wa kwaya, wote walifundishwa na marehemu baba. Mmoja nilimkuta stendi akitafuna mahindi.

"Sasa ningebishana na mtoto wa mwalimu?" aliniuliza. "Si hiyo ni madharau?"

Hakuna hata mmoja aliyetembea mpaka kisimani. Waliliangalia jina wakatosheka. Mimi nimerekebisha mara tatu, nikaweka na picha ya pampu isiyo na mpini, na kila mara imerudi buluu, kwa kuwa wewe una nyota na mimi naandikwa mgeni. Mgeni, mimi ninayepita kando ya kisima chenyewe kila siku! Wewe nasikia unaalikwa mahotelini kueleza jinsi wananchi wanavyojichorea ramani yao, unapigiwa makofi, unajiita mtaalamu wa mahali ambapo hujakanyaga tangu tumzike baba. Nakudharau. Nimetafuta neno la upole zaidi ya hilo, nimelikosa.

Unataka kujua mama alisema nini gari lilipoondoka? Nilitegemea alie, au angalau akulaumu kidogo. Alikuwa bado ameshika kifuniko cha mtungi.

"Ni yeye ameandika?" aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Basi labda ni sisi hatujaangalia vizuri," akasema, akachukua mtungi, akashika njia ya kisimani.

Tangu siku hiyo anakwenda kila asubuhi. Anainama pale kwenye tundu, anatega sikio, anarudi na mtungi mtupu, na ananikataza nisikuseme vibaya. Nimemwambia hakuna maji mpaka nimechoka. Haniamini, kwa kuwa mimi nasema tu, lakini wewe umeandika.

Leo amekwenda tena na goti lake bovu. Kifute, kaka, kisha umpigie simu umwambie mwenyewe kwamba ulidanganya. Ni wewe peke yako ambaye mama atakuamini.

Dada yako,
niliyebaki na mama