Mistari ya Kristina

Singida mjini, 4 Machi 2024

Shikamoo dada Kristina,

Habari za Manyoni? Shemeji Laurenti hajambo? Na mtoto, kile kifua kimepoa? Mimi mzima, ila upepo wa huku unaujua, vumbi linaingia mpaka kwenye chai.

Nimekupigia simu hupokei, basi naandika. Hapa hospitalini zimeletwa seva mpya, na nazisakinisha kwa mfumo ulioujenga wewe, ule ambao ukishawasha mashine inachota kiolezo, yaani ile orodha ya maagizo, kwenye seva kuu na kujisakinisha bila mtu kugusa kibodi. Umekigawa kiolezo vipande vipande: kipande cha diski, cha mtandao, cha nywila. Sasa ikifika kipande cha diski inagoma. Inasema kuna mwisho wa sharti usio na mwanzo. Nimesoma mpaka macho yanauma, sioni.

Nisaidie dada. Mzee Benjamin, mkuu wetu wa kitengo, anataka kazi iishe kabla ya Pasaka.

Mdogo wako,
Ritha


Manyoni, 9 Machi 2024

Marahaba Ritha,

Sisi wazima. Mtoto kifua kimeisha, sasa anaota meno, hatulali.

Nilipokuachia kiti changu nilisema unishikie mpaka nitakapotoka uzazi. Ukapewa mkataba wa kudumu. Habari hiyo nimeipata kwa mlinzi wa getini, sikuipata kwako. Siku mama aliposimama kanisani Misigiri akashukuru kwa binti yake anayeongoza kompyuta za hospitali, mimi nilikuwa benchi la nyuma namnyonyesha mtoto. Watu waligeuka kunitazama, halafu wakakumbuka kwamba si mimi.

Leo kiolezo kimegoma ndipo unakumbuka una dada.

Mimi sikuacha kosa mle. Mfumo umefanya kazi mwaka mzima. Angalia ulichokigusa.

Dada yako,
Kristina


Singida mjini, 12 Machi 2024

Shikamoo dada,

Nimefurahi mtoto anaendelea vizuri. Mpake asali kidogo kwenye fizi, mama ndivyo alivyotufanyia. Hapana, usimpake, nimesoma mahali kwamba watoto wadogo hawapewi asali.

Ule mkataba sikuuomba. Waliniita, wakaniwekea kalamu mezani. Ulitaka niseme hapana, halafu nirudi nyumbani nikakae?

Na mimi nina langu, niache niliseme. Hakuna siku inapita hapa bila mtu kuniambia Kristina angefanya hivi, Kristina asingechelewa. Nikifungua kipande chochote nakutana na jina lako juu, kisha maelezo yako marefu kama ya mwalimu. Shuleni nilivaa sweta zako, zikiwa zimeshachoka viwiko. Nimekuwa mtu mzima na bado navaa vya kwako.

Basi nilifuta. Kwenye kipande cha diski niliondoa mistari yote inayoanza na alama ya reli, hii #, kwa kuwa ni maelezo ya watu tu, mashine haiyasomi. Nikaandika jina langu juu. Ndipo kugoma kulipoanza. Jana nimegundua kulibaki mstari mmoja wa namna hiyo, ulikuwa umesogezwa ndani kwa nafasi kadhaa ndiyo maana sikuuona. Nimeuondoa nao. Haigomi tena, na seva mpya zimekamilika vizuri.

Jumamosi naisakinisha upya ile mashine ya picha za eksirei. Diski yake ya pili yenye picha nitaiacha humo humo, kama ulivyokuwa unafanya wewe.

Nilidhani utapenda kujua kwamba nimejitatulia.

Mdogo wako,
Ritha


Manyoni, 14 Machi 2024

Ritha, salamu zitafuata. Simu yangu hupokei, barua hii nampa kondakta wa basi akufikishie.

Usiiwashe ile mashine ya picha. Nisikilize vizuri. Mstari wenye reli mbili ni maelezo, huo futa upendavyo. Wenye reli moja ni amri. Ulichofuta ni sharti langu lililosema: kama mashine ni ya picha, safisha diski ya kwanza peke yake. Bila sharti hilo, kipande kinasafisha kila diski kinayoikuta, na vilivyomo vyote vinafutika. Seva mpya zimepona kwa sababu hazikuwa na kitu ndani. Kosa limeacha kuonekana, lakini halijaondoka.

Ahirisha. Jumatatu nitapanda basi nije nikae na wewe tulirudishe.

Dada yako,
Kristina


Singida mjini, 15 Machi 2024

Shikamoo dada,

Nimeisoma mara mbili. Juma lililopita mfumo haukuwa na kosa hata moja. Leo, wakati kesho wakubwa wanakuja kuangalia kazi yangu, una hatari, na dawa yake ni mimi kukusubiri. Uje ukae mbele ya Mzee Benjamin, kila mtu aseme afadhali Kristina amerudi.

Ungeandika hivi kwenye barua ya kwanza ningekuamini. Barua ya kwanza uliniandikia habari za mama na kanisa.

Nitaendelea.

Ritha


Manyoni, 16 Machi 2024

Nimepiga simu tangu asubuhi hupokei, basi natuma ujumbe huu kwa simu. Nimempigia Mzee Benjamin hapatikani. Nimempigia mpaka mlinzi, anasema mmefunga mlango wa chumba cha seva na wageni wako ndani.

Ritha, hata kama unanichukia. Chomoa waya wa diski ya pili.

K.


Singida mjini, 27 Machi 2024

Shikamoo dada,

Natumaini hamjambo.

Ilichukua muda mfupi sana. Wakubwa walipiga makofi mashine ilipojiwasha. Fabiano wa eksirei akaja kuulizia picha ya mzee mmoja wa Issuna aliyevunjika nyonga. Nikatafuta. Nikatafuta tena wakiwa wamesimama nyuma yangu.

Nakala iliyokuwepo ni ya Januari. Waliopigwa picha baada ya hapo wanaitwa warudi. Yule mzee alirudishwa kwa pikipiki, wajukuu wamemshika huku na huku, anagumia kwa maumivu kila akisogezwa kwenye meza. Nilisimama mlangoni mpaka mwisho, kwa sababu niliona ndiyo haki yangu kusikia.

Wakubwa nimewaambia ulinionya. Barua yako nimewaonyesha.

Ritha


Manyoni, 6 Aprili 2024

Mdogo wangu Ritha,

Hujambo? Unakula? Mama anasema umefika Misigiri na begi moja na hutaki kuongea.

Nataka ulisikie kwangu, si kwa mlinzi. Mzee Benjamin amenipigia, ameniomba nirudi kwenye kazi yangu. Nimekubali. Nilijaribu kujiambia nimekubali kwa ajili ya wagonjwa, lakini Laurenti alinikuta jikoni natabasamu peke yangu. Nilikuwa nimeitaka mno.

Nimemwambia Mzee Benjamin nahitaji msaidizi na nimemtajia jina lako. Hakukataa. Njoo.

Lile onyo lilikuwa la kweli, lakini lilipita kwenye mdomo uliokwisha kukutukana. Nalifikiria hilo ninapomlaza mtoto.

Dada yako anayekungoja,
Kristina


Misigiri, 21 Aprili 2024

Shikamoo dada Kristina,

Mama hajambo, anakusalimia. Mtama umezaa vizuri mwaka huu, nashinda shambani kufukuza kwelea kwelea, jioni sauti imekauka. Mama ananitengenezea uji na hajaniuliza kitu.

Jumapili iliyopita alisimama tena kanisani. Alishukuru kwa binti yake aliyerudishwa kazini Singida. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nyuma. Watu waligeuka, kama ulivyoniandikia, na kweli inakuwa hivyo hivyo. Nilikuwa sijui inavyochoma.

Sitakuja sasa. Nikikaa karibu yako leo nitahesabu kila sifa unayopewa, nitaitafutia kasoro, na mashine zile zina watu ndani yake. Mpe nafasi mtu mwingine.

Usinipigie bado. Nitakupigia mimi, siku mama akikutaja nami nikaendelea kula.

Mdogo wako,
Ritha