Waajemi Wangu wa Migori

Suna, Migori
Jumatano, baada ya alasiri

Kwako dada yangu mpenzi Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba magoti ya mama mdogo yamepoa, walau afike uani bila kushikwa mkono. Huku sisi ni wazima wa mwili. Salim wangu anakohoa kidogo kwa vumbi la dukani, zaidi ya hapo hana neno. Mgonjwa ni moyo wangu, na ndiyo sababu unaona karatasi badala ya simu. Ujumbe wa simu yako husomwa na nyumba nzima, kisha Rukia binti yako huwasomea na majirani. Barua hii nitampa binamu yake Salim anayekuja huko kufuata mzigo, na nimemwapisha akupe mkononi mwako.

Unawakumbuka wale Waajemi wangu? Usianze kucheka. Nakueleza tena kwa sababu mara ya kwanza ulikuwa unakaanga samaki na hukunisikiliza. Kuna mzee huko Homa Bay, Mzee Owiti, mwalimu wa historia aliyestaafu. Aliishi ng'ambo miaka mingi akarudi na mchezo wake. Yeye na wenzake hupigana vita vya kale juu ya meza, kwa dadu na futi kamba kama ya fundi cherehani, na askari wao ni wa madini, kimo chao pingili mbili za kidole. Jeshi la mzee ni la Waajemi, wale wa wafalme wa zamani waliopigana na Wagiriki. Wakija huwa watupu, rangi ya sufuria. Lazima wapakwe rangi mmoja mmoja, kisha wagundishwe juu ya kitako chenye udongo na nyasi, wasimame kama watu walio vitani.

Kupaka ndiyo kazi yangu. Mkono ule ule uliowapaka piko maharusi wa Kisauni, sasa unawapaka wanaume wa Kiajemi suruali za maua. Nao walikuwa wanaume wa kujipamba, dada, usione hivi. Kanzu za zafarani, mikono imetiwa nakshi, kilemba kimezungushwa hadi kidevuni, na wale walinzi wa mfalme, mkuki wao chini una komamanga la fedha. Komamanga lenyewe ni kama punje ya mtama. Ramadhani nilipata tabu, maana brashi naichongoa kwa midomo. Na jicho sitii kwa brashi. Natia kwa ncha ya pini, pumzi nimeibana, kama tulivyokuwa tukimaliza ua la mwisho mkononi mwa bibi harusi.

Kazi ya vitako ilikuwa ya Akinyi. Akinyi unamjua kwa salamu zake, hujapata kumwona. Ni fundi cherehani, kwao Uriri, na kibanda chake kimepakana na duka letu la vyombo. Nilipoletwa huku sikumjua mtu. Sokoni walikuwa wakizungumza Kijaluo juu ya kichwa changu kama kwamba mimi ni kapu. Akinyi ndiye aliyenishika mkono akanifundisha kununua samaki bila kuibiwa. Mimba yangu ilipoharibika na Salim yuko safarini, ni yeye aliyelala nami hospitali, juu ya mkeka, akinilisha uji kwa kijiko. Mimi nikimwita shoga, yeye akiniita nyamera, ndiyo dada yangu kwa Kijaluo. Na wewe nilikuwa nakuonea haya kidogo, kwamba nimepata dada wa pili.

Ni yeye aliyeleta askari wa kwanza. Alikuwa amemshonea mke wa mzee mapazia, akasikia mzee analalamika macho hayamruhusu tena kupaka. Akaja nao ndani ya kikopo cha vifungo. "Zuhura, wewe uko na mkono ya piko. Hebu jaribu hii." Basi ikawa ndiyo kazi yetu ya jioni. Mimi na kanzu na nyuso, yeye na ardhi. Mara ya kwanza alitumia mchanga aliopewa na mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka kisiwa cha Remba, na jeshi zima likanuka omena siku kadhaa, tukacheka hadi machozi. Akabadilisha akachukua udongo mwekundu wa hapa hapa Migori, akaukaanga kwenye sufuria kuua wadudu, akaubandika kwa gundi nyeupe ya mbao, na nyuzi za katani akazikata zikawa nyasi. Ukiwaona Waajemi wamesimama juu ya udongo huo utadhani walizaliwa Uriri.

Salim mwanzo hakutaka jina la mkewe litajwe kwa wanaume asiowajua. Basi Akinyi akaichukua kazi kwa jina lake, na sote tulikubali. Malipo tuligawana sawa, hapo sina neno naye. Kisha jioni moja Salim akachukua miwani yake, akamwangalia mpiga upinde mmoja kwa muda, akasema, "Huyu ataniuliza bei ya sinia sasa hivi." Akavua miwani, akasema haoni tena ubaya watu wakijua ni mimi. Nilimbusu mkono.

Kesho yake nikamtuma Akinyi. Nilimwambia, mwambie mzee anayempakia Waajemi wake anaitwa Zuhura, mke wa Salim wa duka la vyombo, na anamsalimu sana. Akarudi anacheka. "Jaduong', mzee mwenyewe, amefurahi. Anasema asante, anakusalimu." Tangu siku hiyo hakuenda Homa Bay akarudi bila salamu. Mzee anauliza kikohozi cha Salim. Mzee anasema farasi wamemtoa machozi. Mzee anasema Zuhura apumzishe macho.

Sitakuficha, dada. Salamu zile nilizishika kama mtoto anavyoshika peremende. Hapa mimi ni mke wa Salim, mama wa duka, yule wa buibui. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, mtu mmoja nje ya nyumba yangu ajue kwamba mkono huu unajua kitu, na kwamba ni mkono wa Zuhura. Nikaamini nimekipata.

Kila nilipotaka kwenda naye nimwone mzee, pana jambo. Leo mvua, leo mzee ana mafua, leo wageni ni wanaume tupu utaona aibu. Nikamwamini. Jumapili iliyopita Salim alikuwa na shughuli zake Homa Bay, na siku hiyo ndiyo jeshi lote lilikuwa lipangwe mezani kwa mara ya kwanza, hajabaki hata mmoja. Nikasema nitamshtua shoga yangu. Nikakaanga mahamri, nikajaza sinia, nikavaa buibui langu la Idi. Salim akaniteremsha langoni kwa mzee akaenda zake.

Meza imewekwa barazani, ndefu, imetandikwa kitambaa cha kijani, na juu yake Waajemi wangu wote wamejipanga. Sikuwahi kuwaona pamoja. Machozi yalinilenga. Watu wameizunguka, kuna kasisi Mkatoliki aliyeshika jeshi la Wagiriki, kuna nesi wa kiume, kuna walimu na wake zao. Na Akinyi katikati, brashi yangu ameichomeka nywelini, anawaeleza jinsi ya kupaka komamanga la fedha. Kwa maneno yangu, dada. Hata ile pumzi ya kubanwa aliisema.

Mzee Owiti akaniona na sinia. Mtu mpole, mvi tele. "Karibu mama, ahsante. Chakula kinapelekwa kule nyuma."

Nikatabasamu, nikamwangalia Akinyi. Wewe unajua tulivyolelewa, mtu hajitaji mwenyewe mbele ya wageni, husubiri atajwe. Nikasubiri. Akinyi alinitazama, akatazama sinia, akasema, "Huyu ni jirani yangu kutoka Migori. Ameniletea mahamri."

Nilidhani ni mzaha. Bado nilikuwa natabasamu.

Nikapeleka sinia nyuma kama nilivyoambiwa, nikarudi nikasimama ukutani. Mchezo ukaanza, dadu zikarushwa, kasisi akawa anafurahi kuliko alivyofurahi kwenye misa, naapa. Ikawa mkono wa joho lake umempiga amiri wa Waajemi, yule wa kanzu ya zambarau, akaanguka sakafuni. Uso ukachubuka hadi madini yakaonekana. Watu wote, "Ah." Mzee akamwokota akampa Akinyi. "Fundi, mponye."

Akinyi hajapata kutia jicho maishani mwake. Akamgeuza, akamgeuza tena. Akasema mwanga hautoshi, akasema rangi ni nzito, kisha akanitazama. Nilijua anachoomba. Ningeweza kuangalia pembeni, akaumbuka pale pale. Lakini yule amiri nilikuwa nimekaa naye siku tatu nikitafuta rangi ya midomo yake, na sikuweza kumwacha bila uso. Nikakaa, nikavua pini kwenye mtandio wangu, nikampaka. Baraza zima likasogea kutazama. Nikajisemea, basi, Mungu ameamua, sasa watajua bila mimi kusema.

Mzee akamsogeza machoni. "Mama, umejifunzia wapi haya?"

Kabla sijafungua mdomo Akinyi akapiga makofi. "Ni mimi nimemfundisha. Huwa anakuja kwangu jioni. Si ameshika vizuri?"

Wakampigia makofi. Mzee akasema mwalimu mzuri huonekana kwa mwanafunzi. Na mimi nikacheka pamoja nao. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilicheka.

Salim alipokuja kunichukua, mzee alinisindikiza hadi langoni, adabu zake zote. Nikajikaza nikamuuliza, "Mzee, Zuhura wa Migori alikuwa akikuletea salamu. Zilikufikia?" Akafikiri, akatikisa kichwa kwa huruma kama mtu asiyetaka kumkosea mgeni. "Zuhura? Sijapata kumsikia, mama. Lakini mwambie nashukuru."

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea, ila hawakusema kwamba huwa kinakukuna kwa upole pia. Ningedhulumiwa pesa ningejua la kufanya, ningemshtaki kwa Salim yakaisha. Kwa salamu nimshtaki wapi? Mtu amenipikia salamu za uongo jioni baada ya jioni, nami nakula na kumshukuru.

Jumatatu akaja kama kawaida, na boksi jipya chini ya kwapa, jeshi jingine la mzee. Nikamwambia keti. Nikamuuliza kwa nini. Hakukana, hilo siwezi kumnyima.

"Wewe uko na bwana, uko na duka, uko na watu yako Mombasa," alisema. "Mimi niko na cherehani. Ile siku ya kwanza walinipigia makofi, nyamera. Nilitaka kuwaambia. Kila mara nilitaka. Lakini sijawahi kupigiwa makofi na mtu."

"Ungesema ni sisi," nikamwambia. "Kusema sisi kungekugharimu nini? Ardhi si yako? Ningekaa kando nikapiga makofi na mimi."

Akaliweka boksi sakafuni.

"Na zile salamu? Nani alikuwa akizitunga?"

Akaangalia vidole vyake. "Niliona vile ulikuwa unafurahi."

Nikamwambia atoke. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki, kwa heshima yako. Alitoka akasahau boksi, au aliliacha makusudi, sijui. Salim anasema tumrudishie mzee na nimweleze yote, yeye atanipeleka. Huenda nitakwenda. Sasa hivi nikifikiria uso wa mzee yule akiambiwa, naona atanisikitikia, na mimi sikutaka kusikitikiwa. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, marehemu mama alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nikimwona ana roho ya tuhuma.

Jana mikono iliniwasha. Nikafungua boksi, nikampaka mmoja tu, mpiga ngoma, kanzu ya kijani. Amekuwa mzuri sana. Huwa namgundisha juu ya kizibo cha soda wakati wa kupaka, kisha namng'oa nampa Akinyi. Nikamng'oa kwa mazoea, nikamweka mezani. Akaanguka. Nikamsimamisha, akaanguka tena. Nikaenda uani nikachota udongo, nikaukaanga, ukaungua ukawa mweusi. Kumbe kuna namna yake, na sikupata kuiangalia. Nilikuwa naangalia kanzu zangu. Yule mpiga ngoma amelala hapa pembeni mwa karatasi.

Basi dada, nisikuchoshe. Nisalimie shemeji, mwambie kofia yake ataipata Idi. Nisalimie mama mdogo na umkande magoti kwa niaba yangu. Msalimie Rukia, na kama anaisoma hii kabla yako, namwona. Msalimie somo yangu aliyenifunza piko, umwambie mkono bado upo. Salim anawasalimu nyote.

Nilikuwa nataka kufunga hapo. Lakini sasa hivi Akinyi amepita mlangoni, ameniona nimeinamia karatasi. Hakuingia. Amesimama pale nje, akasema taratibu, "Kama ni ya dada, msalimie." Kisha akaenda zake.

Nilitaka kuikunja barua bila kuitia salamu hiyo. Lakini wewe na mimi tulifundishwa nyumba moja kwamba salamu ni amana, ukipewa huna ruhusa ya kuila, hata mtumaji awe nani. Za kwangu hazikufika Homa Bay. Za kwake zitafika Mombasa.

Akinyi anakusalimu.

Mdogo wako,
Zuhura