Kitanda cha Mama Kimekuwa Cheusi

Mama Eliasi,

Chai nimekunywa. Watoto wasikiguse kitanda cha marehemu mama hapo uani mpaka ile dawa ya kutu ya kaka yako wa bandarini ikauke kabisa.

Asubuhi nilipoona chuma kimekuwa cheusi nilikufokea, nikadhani umekiunguza. Ukanipa kisu tu: "Kwangua." Nimekwangua, haikudondoka hata chembe! Kumbe dawa uliyopaka imeigeuza kutu yenyewe ngozi ngumu. Nami fundi rangi mzima, miaka kumi na minane Kariakoo hii, napaka juu ya kutu, masika ikija rangi inabanduka.

~~Rangi nitapaka mimi nikirudi.~~ Rangi paka wewe.

Ila mguu wa kitanda wa upande wa ukutani bado haujapata dawa. Niachie huo, unifundishe.

Baba Eliasi