Soprano ni Mafuta, Besi ni Saruji

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimekasirika! Bosi Eliakim amewaambia wenye malori kwamba Panga ni programu ya kampuni yake. Yake! Mtu ambaye mpaka leo ananiita nimfungulie barua pepe.

Panga nimeiandika mimi. Nyumbani Hasamba, likizo ya mwaka jana, mama anaanika kahawa nje, mimi ndani na laptop yangu ya mtumba niliyonunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ofisini nimeileta ikiwa imeshaiva. Sasa inapanga malori yote ya yadi yetu: zamu ya kuvuka mpaka ikifika, dereva anapata ujumbe kwenye simu. Hakuna tena kusukumana dirishani. Juzi dereva mmoja Mzambia kanishika mikono yote miwili — natotela, natotela, asante kwa Kibemba! Nikavimba kichwa siku nzima.

Goodness, ninayekaa naye chumba kimoja hapa Tunduma, hakunibembeleza. Kasema nilie, nikimaliza nijaze fomu ya hakimiliki.

Jumatano, 6 Agosti

Nimejaza! Kwenye mtandao. Kurasa za programu, maelezo ya matumizi, kitambulisho, tarehe. Swali la kama kazi niliifanya kwa ajili ya mwajiri lilinipasua moyo. Hapana, hapana! Laptop yangu, likizo yangu, bando langu.

Nikapiga simu ofisi ya hakimiliki kuulizia. Kapokea dada mmoja, mpole. Nikamwambia bosi atadai wazo la kupanga malori lilikuwa lake. Akasema wazo halisajiliwi. Kinacholindwa ni kile ulichokiandika. Nikamwomba arudie, nikaandika kwenye kiganja: WAZO HALISAJILIWI. Tamu kuliko asali.

Akauliza kama kuna mtu mwingine wa kuingia kwenye fomu. Hakuna, nikasema, ni mimi peke yangu. Nikabonyeza tuma kabla chai haijapoa.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekuja Hasamba. Mwalimu Zabron wa kwaya na utaratibu wake ule ule! Kwaya ikitoka kupeleka sadaka, anachomoa mmoja soprano, mmoja alto, mmoja teno, mmoja besi, halafu anazunguka tena, ili wimbo usipungukiwe sauti. Asiye tayari — kiatu kimefunguka, mtoto analia — anasimama pembeni. Akiwa tayari anaingia wa kwanza kwenye sauti yake. Harudishwi mkiani.

Nimeimba alto chini yake miaka tisa. Likizo ile nilikaa naye siku nzima akinichorea yote kwenye daftari lake, na Panga inafanya vivyo hivyo kwa malori. Dereva aliyekosa karatasi moja hapotezi zamu yake. Hata majina sikubadilisha: mafuta soprano, makontena alto, mbolea teno, saruji besi. Leo nimewaona wanatoka mstarini nikaona malori tu. Nikacheka, mama akanifinya.

Alhamisi, 14 Agosti

SIKU YANGU!

Bosi kawaita wenye malori ukumbini awaonyeshe "mfumo wetu". Mimi kazi yangu kubonyeza tu, nisiseme. Sawa. Mzee mmoja mwenye matenki kanyoosha mkono: mbona lori lake limeandikwa soprano?

Bosi kajikohoza, kasema ni neno la kitaalamu la kompyuta.

Jamani! Nusu ya ukumbi ni wanakwaya makanisani kwao. Mtu wa nyuma kaanza la-la-laaa ya juu kabisa, watu hawana mbavu. Nikasimama. Nikawaambia mafuta yakichelewa kelele zake zinasikika kuliko zote, ndiyo soprano. Saruji haina haraka, inakwenda chini chini, besi. Nimeiandika mimi, nyumbani kwetu. Wakapiga makofi!

Bosi kanifuata nje. Wazo lilikuwa langu, Ketrina, kasema, we unajua. Nikamwonyesha kiganja. Wino ulishafutika zamani, ikabidi niseme kwa mdomo: wazo halisajiliwi, bosi.

Sijui kama kesho nina kazi. Nimenunua chipsi kuku nimekula peke yangu, sikumwachia Goodness hata kiazi.

Jumanne, 2 Septemba

KIMETOKA! Cheti! Nimekichapa steshenari, nikatia laminesheni. Majina yangu yote matatu. Mwandishi: mimi. Mmiliki: mimi. Goodness kapiga vigelegele mpaka mwenye duka la jirani katoka kuuliza nani kaolewa.

Na bosi kapiga simu. Anaomba tukae tuandikiane mkataba, aendelee kuitumia Panga kwa ruhusa yangu. Kaniita Dada Ketrina. Tangu lini! Nimemwambia nitamjulisha. Mimi, nitamjulisha bosi!

Jumapili, 7 Septemba

Hasamba. Mama kanitangaza kanisani, watu wamesimama. Wamama wamenikumbatia mpaka kilemba kimedondoka. Sijawahi kupewa heshima kama hii.

Sasa ni jioni. Mwalimu Zabron amekuja nyumbani na jogoo, zawadi yangu. Kwapani ana lile daftari. Amemfunulia mama ukurasa wa mistari minne, amemwonyesha mshale wa asiye tayari, jinsi anavyorudi mbele. Amesema tulihangaika na huyu mtoto siku nzima, kumbe tulikuwa tunajenga kitu. Tulikuwa. Hadai chochote. Amekuja tu, amesema, kulisoma jina lake kwenye cheti, pamoja na langu, kwa macho yake mwenyewe. Na miwani amekuja nayo.

Nikasema ngoja nikilete.

Wazo halisajiliwi. Nimejaribu kulisema hapa chumbani, kwa sauti ndogo, kama namwambia yeye. Halitoki.

Mama ananiita mara ya pili, Mwalimu anasubiri. Nimejibu bado nakitafuta. Kiko hapa mapajani.