Stika ya Chini ya Modemu

Kilosa, Jumanne

Kaka Lekishon,

Shikamoo. Huku mvua imegoma, ila ndama wa Mama amepona.

Kuhusu modemu uliyotuletea, nilikudanganya. Iliporudi kutoka kwa fundi iliomba paswedi, nikakuambia stika ya chini yenye namba zake imefutika. Haikufutika, niliibandua mwenyewe. Kila jioni Mama alikuwa anavaa shanga zake zote ili akuone wewe kwenye simu. Mimi ninayemwogesha hajawahi kunivalia hata moja.

Jana kaniuliza, “Nasieku, nimemkosea nini mwanangu hata ananificha uso?” Niliinama nikaendelea kumkanda miguu.

Stika nimeiweka humu kwenye bahasha. Nipigie simu ya kawaida, unisomee hizo namba kwa sauti, Mama akisikia. Nitaziandika kama mtu asiyewahi kuziona.

Mdogo wako,
Nasieku