Balbu za Bwana Zima

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimemdanganya mkamwana wangu na sasa kila simu ikilia naitazama kama nyoka.

Mimi ni mjane, huu ni mwaka wa pili. Mume wangu alikuwa fundi bomba, mtu wa utani, na mtaa mzima ulimwita Bwana Zima kwa sababu hakuweza kupita chumba kitupu chenye taa inayowaka bila kusema "Zima", hata kwenye nyumba za watu alikoitwa kuziba mabomba alizima, na siku ya msiba wake jirani mmoja aliinuka katikati ya waombolezaji akazima taa ya sebuleni, basi tukacheka wote huku tunalia. Yeye ndiye aliyetuletea zile balbu za kuokoa umeme, zilizojipinda kama utumbo wa kuku, akazifunga kila chumba. Ikifa moja haitupi, anasema amesikia ndani yake mna zebaki na haifai kwenda jalalani pamoja na maganda ya viazi, basi anaiandika kwenye kitako kwa kalamu nene, "Jikoni, umefanya kazi nzuri", au "Bafuni, pole kwa uliyoyaona", kisha anaiweka kwenye boksi la viatu ndani ya kabati, juu ya mablanketi. Tangu aondoke sijalihamisha boksi hilo, ila siku nikimkumbuka sana nalishusha, nasoma vile vitako, nacheka peke yangu.

Sasa mwanangu wa pekee amepata mtoto wa kike, mjukuu wangu wa kwanza, na walikuwa waje naye Jumamosi kukaa nami mwezi mzima, nami kwa furaha nikapaka chumba rangi, nikashona mapazia, na juzi nikapanda kiti kutoa blanketi la manjano nililomfunikia mwanangu alipokuwa mchanga, nikalivuta, kumbe boksi limelikalia pindo, vikaja vyote pamoja, blanketi likaanguka chini na balbu moja ikapasuka juu yake. Ilikuwa ile ya bafuni. Nikafagia vipande, nikalikung'uta blanketi dirishani, nikalianika kambani.

Jirani yangu tunamwita Mama Redio, kwa kuwa habari zote huanzia kwake. Akaliona.

"Mwenzangu, unaanika nini na jua lenyewe hakuna?"

Nikamweleza.

"Hiyo ni sumu. Imeshaenea nyumba nzima. Na hata hizo zinazowaka zina miale, zinachoma ngozi ya mtoto kama pasi."

"Mbona sisi tumeishi nazo miaka yote?"

"Ndiyo maana mwenzio hayupo."

Mshauri, mume wangu alikufa kwa ugonjwa wa moyo, daktari alinieleza vizuri, lakini neno lile limeniingia kama mwiba. Jioni ile ile nilifungua balbu zote, hata ya chumba cha mtoto, ambayo ndiyo ya mwisho aliyoifunga kwa mkono wake na bado ilikuwa inawaka, nikazitia kwenye ndoo pamoja na za boksini, na tangu hapo natumia mishumaa. Kisha nikampigia mkamwana wangu nikamwambia wasije, nina mafua.

"Mama, mafua gani na sauti yako imenyooka hivi?"

"Yanapanda na kushuka, mwanangu."

"Haya, pole. Ila mtoto ameanza kutabasamu, usichelewe kupona."

Sikulala vizuri. Niambie, je, nyumba yangu ina sumu? Hizi balbu nizitupe zote, hata zenye maandishi yake? Na blanketi, nikilifua kwa maji ya moto halitafaa?

Ni mimi, Bibi Mwenye Mafua ya Uongo.

*

Bibi mwenye mafua, nimecheka, nikakukasirikia, nikacheka tena.

Tuanze na mwiba. Balbu hazikumuua mumeo. Daktari alikwambia ni moyo, na Mama Redio hajawahi kumpima mtu. Balbu nzima haitoi zebaki. Imo ndani ya kioo, nayo ni kidogo mno, kama ncha ya kalamu, na hutoka kioo kikipasuka tu. Miale pia ipo, lakini ni hafifu. Taa ya mezani iliyo karibu na uso wako isogeze kidogo, ya darini haina neno. Jirani yako ameokota punje moja ya ukweli akaipikia sufuria nzima.

Lakini na wewe, mama, ufagio wa nini? Ufagio unarusha lile vumbi na kulitawanya. Balbu ikipasuka, watu watoke, feni izimwe, madirisha yafunguliwe, usubiri robo saa. Kisha okota vipande kwa kadibodi, chembe uzinase kwa selotepu, sakafu uipanguse kwa kitambaa chenye maji, na vyote viingie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Mikono uioshe. Wewe umeshafagia, basi pangusa upya leo, ufagio ule usiutumie tena, na madirisha yakae wazi mchana kutwa. Ukifanya hivyo, chumba ni cha mtoto.

Kilichonitoa jasho hasa ni mishumaa. Mapazia mapya, usingizi mbovu, na moto usio na kizuizi. Umeruka majivu ukakanyaga moto. Rudisha balbu zinazowaka mahali pake. Swichi iwe imezimwa, ushike kitako, usishike kioo. Ile ya chumba cha mtoto nayo irudi, mradi kitanda kisikae chini yake moja kwa moja. Siku ikianza kupepesa, kunuka au kutoa moshi, izime, ipoe, uitoe, na badala yake ununue ya LED, ambayo haina zebaki.

Kwenye blanketi sitakubembeleza. Kufua hakutasaidia, chembe zinajificha kwenye nyuzi. Litie kwenye mfuko, ufunge, litoke. Najua ni la mwanao. Lia kidogo ukitaka, halafu mtafutie mjukuu lake jipya, na lichague wewe.

Na zile balbu zenye maandishi. Mama, mumeo hakuwa anaweka kumbukumbu. Alikuwa anatafuta pa kuzipeleka, akafa hajapata. Kazi aliyoiacha njiani, wewe umeigeuza kaburi lake. Imalize. Uliza duka la vifaa vya umeme, au ofisi ya usafi ya mtaa wako, wapi wanapokea balbu na betri zilizokufa. Hadi upate jibu zikae kwenye ndoo yenye kifuniko, sakafuni, mahali mtoto hafiki. Maneno yake huwezi kuyapoteza. Unayajua kwa moyo, na kuanzia leo wasomaji wote wa ukurasa huu wanajua bafu lenu liliona mambo.

Sasa mpigie mkamwana wako. Usimletee hadithi nyingine ya kupona ghafla, kwanza ya mafua hakuiamini. Mwambie hivi: "Balbu ilipasuka, niliogopa, nimesafisha, njooni." Akitaka kujua ulivyosafisha, msomee jibu hili neno kwa neno, ana haki ya kuuliza. Mtoto ameanza kutabasamu na wewe uko kwenye giza unaogopa ndoo. Piga simu kabla hujalikunja gazeti.